Stempu ya Mieleka

Siku ya tatu ya matanga ya Adeer Nur, pale Tarbaj, bintiye Shamsa alinishika mkono akanitoa kwenye jamvi la wanawake, akaniingiza chumba cha ndani na kuuegemea mlango kwa mgongo. Nilidhani anataka kulia mbali na watu. Kumbe alitaka kufungua sanduku la bati la marehemu. "Abaayo Habiba," alisema, yaani dada Habiba, "nina kitu chako humu." Akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa bahasha. Sikuhitaji miwani. Niliujua ule mwandiko kabla sijaijua bahasha yenyewe: herufi zimelala upande wa kulia, mikia mirefu isiyo na sababu, mwandiko wa msichana anayejiona. Na juu kwenye kona, kwenye stempu, walikuwapo wale wanaume wawili, mmoja kavaa nguo nyekundu na mwenzake buluu. Rangi zilikuwa zimepauka, lakini yule mwekundu alikuwa bado amemnyanyua mwenzake mabegani, na karibu miaka thelathini ilikuwa imepita bila kumtua. Niliketi kitandani bila kukaribishwa.

Mwaka ule, kabla ya mvua za Elinino, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na cheti cha kidato cha nne ambacho hadi hapo hakikuwa kimeniletea chochote ila sifa. Nilikuwa nikiishi Garissa kwa Adeer Salat. Kwetu adeer ni ndugu wa baba, na hata binamu wa baba ni adeer, kwa hiyo msinihesabie ukoo; Salat na Nur walikuwa ndugu wa tumbo moja, Salat mkubwa na Nur mdogo, na hilo linatosha kukielewa kisa hiki. Adeer Salat alikuwa dalali wa ng'ombe, mtu mrefu mwenye magoti mabovu na sauti iliyozoea kushindana na mifugo. Sebule yake ilikuwa na kuta za kijani hadi usawa wa kiuno na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, zulia moja jekundu, mito ya kuegemea, na redio juu ya kabati ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye. Jikoni kuliezekwa kwa bati, na jua la saa saba likipiga, mkewe Halimo alikuwa akisema hana haja ya kuwasha jiko. Mchana tulikula tambi na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu ya mashamba ya mto Tana pembeni ya sahani. Wageni kutoka bara walitushangaa kula ndizi na nyama kwa pamoja. Mimi mpaka leo nawashangaa wao.

Kazi yangu ilikuwa kuandika barua. Nilitaka kuketi kibarazani karibu na posta kama waandishi wengine, lakini Adeer alikataa, akasema binti wa nyumba yake hatakaa barabarani kama muuza miraa, basi watu wakanifuata nyumbani. Waliketi kwenye lile zulia jekundu wakasema shida zao kwa Kisomali, nami nikaziandika kwa Kiswahili, maana ndicho nilichofundishwa kuandika. Huko barua ilikokwenda, Banissa au Rhamu, mwalimu wa shule aliisoma kwa Kiswahili na kuigeuza tena Kisomali. Maneno yalivuka lugha mbili, na ajabu ni kwamba mengi yalifika salama. Tatizo lilikuwa mimi. Mtu akisema, "Mwambie mama sijambo," niliandika kwamba mwanao, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, yu buheri wa afya kama ua lililonyeshewa. Halafu nilimsomea mteja yale tu aliyosema, na maua yangu nikayaacha kwenye karatasi. Nilijiona fundi. Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo nikazidisha.

Mwaka huohuo Adeer Salat alipata nafasi ya kwenda Hija. Alikuwa ameitafuta mara mbili akaikosa, na ilipopatikana Halimo alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tuna harusi. Kabla mtu hajasafiri kwenda Makka hutafuta radhi za watu. Huenda kwa kila aliyewahi kumkosea na kumwomba amsamehe, ili asiende kuizunguka nyumba ya Mungu na kinyongo cha mtu nyuma yake. Adeer aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kazi ya sokoni, bila haya na kwa sauti ya juu. Alimwendea mchinjaji, alimwendea imamu, alimwendea mwanamke mmoja muuza maziwa ambaye hata hakumkumbuka yeye wala kosa lake. Nilifuatana naye mpaka posta, kwa Bwana Mutua, karani wa dirishani, Mkamba mpole aliyekuwa amekaa Garissa mpaka akajua kuagiza chai kwa Kisomali. Adeer alikuwa na Kiswahili cha soko la mifugo, P yake ilikuwa B na V yake ilikuwa F.

"Bwana Mutua, mimi nakwenda Maka. Kama nilikosea wewe, bole sana. Siku moja nilisema wewe ni mtu mfifu."

"Mvivu? Mzee, mimi hata sikusikia."

"Nilisema nyuma yako. Ndiyo mbaya zaidi. Samehe."

Mutua alisimama nyuma ya dirisha akamsamehe rasmi, na watu wa foleni wakaitikia amin.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Adeer hakuwa amemwendea, na nyumba nzima ilimjua. Nilimsikia Halimo siku moja wakati wa chakula cha mchana, mimi nikiwa nyuma ya pazia na birika mkononi. "Umemwomba radhi mpaka muuza maziwa," alisema. "Na yule mliyenyonya titi moja?" Nikasikia kijiko kikiwekwa sahanini. Miaka minane kabla ya hapo mama yao alifariki Tarbaj, mvua zikiwa zimekata barabara. Nur alimzika siku ileile, kama dini inavyotaka. Habari ilimfikia Salat baada ya siku tatu, na alipofika kule, akiwa na matope mpaka mapajani, alisimama mbele ya waombolezaji wote akamwambia mdogo wake, "Umemzika mama kama mtu asiye na mtoto mwingine." Nur hakujibu. Hakujibu siku ile, wala mwezi ule, wala miaka minane iliyofuata. Sijui kama kuna maneno mabaya kuliko hayo ya kumwambia mtu aliyemfukia mama yake kwa mikono yake. Adeer alijua hivyo vizuri kuliko sisi sote, ndiyo maana alichukua kijiko chake akaendelea kula.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri aliniita sebuleni, akazima redio. Hapo nikajua ni jambo kubwa. Akaniambia niandike. Alikuna goti, halafu akasema, "Mwambie nilikosea. Mwambie yeye alifanya sawa na mimi nilisema ubaya. Mwambie nakwenda Hija na nataka radhi yake, na asiponipa siendi." "Basi," akasema. "Hayo tu." Angekuwa mwandishi mwingine, angeandika hayo tu. Mimi nilijaza kurasa mbili. Nilitia salamu, nilitia mvua na malisho, na karibu na mwisho nikaandika sentensi ambayo niliipenda sana hata nikaipulizia wino ukauke mapema: Mimi kaka yako nimeiweka heshima yangu chini, nami nipo miguuni pako. Adeer hakuwa amesema kitu kama hicho. Kwetu mkubwa hawi miguuni pa mdogo wake. Hata kuliwaza ni aibu. Nilimsomea yale yake matatu, akaitikia kwa kichwa, akanipa kazi ya kuipeleka. "Tafuta stempu nzuri," alisema. "Hii si barua ya kuomba sukari."

Bwana Mutua alinitandazia karatasi mpya ya stempu kama mfanyabiashara anayeonyesha vitambaa. Zilikuwa za ukumbusho wa michezo, zimefika juzi, alisema. Kuna mkimbiaji, kuna mrusha mkuki, kuna mieleka. Ile ya mieleka ilikuwa kubwa kuliko zote na rangi zake ziliwaka. Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliambiwa stempu nzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa nzuri. Mutua alisema kwao Ukambani wavulana walikuwa wakipigana mieleka kwenye mchanga wa mto, na kwamba huyu mwekundu keshashinda, hana wasiwasi. Niliilamba, nikaibandika, nikaibonyeza kwa kidole gumba. Barua ikaondoka kwenda Wajir, sanduku la posta la shule, na kutoka huko kwa lori hadi Tarbaj.

Wiki ya kwanza tulingoja kwa adabu. Wiki ya pili Adeer alianza kupita posta kila asubuhi kabla ya soko. "Bwana Mutua, barua ya Tarbaj imerudi?" "Bado, mzee." "Hii bosta yenu inatembea na miguu." Halafu alikumbuka kwamba alikuwa ameshaomba radhi, akaomba tena. Nyumbani mzigo wa safari ulikuwa umefungwa, ihramu nyeupe imekunjwa juu ya kabati kando ya redio, na kila aliyeingia aliitazama kwanza hiyo kisha akamtazama Adeer.

Jibu lilikuja na dereva wa lori la ng'ombe aitwaye Kassim. Alikunywa vikombe viwili vya chai kabla ya kuanza kusema, nasi tukajua si habari njema. Barua ilifika, alisema. Lakini shule imefungwa kwa likizo na mwalimu amekwenda kwao, na pale Tarbaj hakuna mwingine wa kuisoma. Nur hakuifungua. Ameibeba mfukoni, na kila anapokaa na wazee kisimani anaitoa na kuwaonyesha picha. Anawaambia, "Salat amenitumia mieleka. Tazameni. Aliye juu ni yeye, aliye chini ni mimi." Wazee walielewa mara moja, maana hao wawili walipokuwa vijana wa kuchunga, Salat alikuwa akimbwaga Nur chini kila walipokutana kisimani, na mara moja alimbwaga mbele ya wasichana. "Anakuja," Kassim alisema akitazama ndani ya kikombe. "Amesema mwambieni Salat nakuja, tuone kama bado ana magoti."

Halimo aligeuka akanitazama. Hakunitukana, ingekuwa afadhali. Adeer aliniuliza ile picha ikoje, nami nikamweleza kwa mikono yangu, huyu ameshikwa hivi, mguu uko hewani hivi. Akaniuliza kama ni kubwa. Nikasema ni kubwa kuliko zote. Nikamwambia nitaandika nyingine, nitampa Kassim mwenyewe aipeleke, nitamtafuta mtu wa kuisoma. "Hapana," alisema. "Barua moja imetosha." Safari yake ilikuwa baada ya siku tisa. Nilimsikia akimwambia Halimo kwamba ndugu yake akija na hasira na kuondoka na hasira, nafasi ile apewe mtu mwingine, kwani yeye hawezi kuvaa nguo nyeupe juu ya moyo kama huo. Siku zile nilikanda unga wa chapati za anjera nikilia ndani yake. Nilimkosesha mtu Makka kwa sababu ya rangi nyekundu na buluu. Hivyo ndivyo nilivyoona, na hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Nur alifika Alhamisi baada ya alasiri, mweupe kwa vumbi kutoka kichwani mpaka kwenye makubazi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomtarajia, na fimbo yake ilikuwa ndefu. Majirani walikuwa wameanza kuja tangu adhuhuri, huyu anaazima ungo, yule anauliza bei ya mbuzi, na sasa walikuwa wamejaa sebuleni na hakuna aliyekumbuka ungo wake. Adeer Nur alitoa salamu mlangoni, tukaitikia. Hakuketi. Alitoa bahasha mfukoni mwa shati akaiweka juu ya zulia, stempu ikitazama juu.

"Kusoma sijui," alisema. "Mwalimu hayupo. Lakini picha nimeiona. Nimetoka Tarbaj kuja kuuliza neno moja. Aliye juu ni nani?"

Adeer Salat aliinuka. Kuinuka kwake kulichukua muda kwa sababu ya yale magoti. Alivua kofia akaiweka juu ya mto. Alivua saa akaiweka ndani ya kofia. "Salat," Halimo alisema taratibu, "una miaka sitini." Wanaume wawili walisogea ili wawashike. Naye akatembea mpaka mbele ya mdogo wake, akashika ukuta, akajishusha akakaa kwenye zulia, halafu akalala chali pale chini, miguuni pa Nur kabisa, akanyoosha mikono.

"Ni wewe," alisema akitazama dari. "Mabega yote mawili yamegusa chini. Watu wameona."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe. Kisha fimbo ikaanguka. Adeer Nur aliinama kumwinua kaka yake akashindwa, mgongo ulimkatalia, wakawa wote wawili chini, mmoja amelala na mmoja amepiga magoti akivuta mkono wake. "Inuka," alikuwa akisema. "Inuka, wewe ni mkubwa, unaniaibisha, inuka." Alikuwa akilia, na Salat alikuwa akilia, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alivyolala. Na katikati ya hayo Nur akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi miaka minane. "Siku ile mama aliuliza habari zako. Aliuliza kama kwa Salat mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha." Salat akafunika uso kwa mkono. Halimo alinisukuma mbele pamoja na lile sinia, akasema chai inapoa, na majirani wakaanza kupumua.

Tulikula nyirinyiri jioni hiyo, nyama iliyohifadhiwa kwenye samli ambayo Nur alikuja nayo kwenye mkebe. Kumbe alikuwa ameileta tangu mwanzo, ameiacha kwenye lori. Nilipokuwa nikiondoa vyombo niliiona bahasha bado iko kwenye zulia, nikajitolea kumsomea Adeer Nur. Aliiokota kabla yangu, akairudisha mfukoni. "Ya nini tena?" alisema. Nilishukuru, kwa sababu ile sentensi yangu ya miguuni ingesikika mbele ya Adeer Salat na angejua ninavyofanya kazi. Lakini nitasema ukweli, kwa kuwa sasa naandika na hakuna wa kunikataza: moyoni nilisikitika kidogo. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na hakuna aliyeisoma.

Adeer Salat alikwenda Hija. Alirudi na maji ya zamzam na kikohozi, akaniletea kalamu ya wino. Kabla Nur hajarudi Tarbaj walizungumza juu yangu, na Nur ndiye aliyesema msichana mwenye mwandiko kama huu asikae jikoni, apelekwe chuo cha ualimu. Nilipelekwa. Nimefundisha miaka mingi, Garissa na Tarbaj penyewe kwa muda, na kila darasa jipya nimeliambia jambo moja: andika alichosema mtu, usimwongezee. Wanafunzi waliona ni ukali tu. Adeer Salat, yule mtu mrefu, nilimshukuru akiwa hai na namshukuru bado, kwa sababu hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilichagua picha ile. Tulimzika Garissa, na Nur aliwahi kufika, akashuka kaburini mwenyewe kumpokea.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha marehemu, bahasha mapajani. Niliigeuza. Na hapo, kwenye upande wake mfupi, kidole changu kikagusa kitu kigumu. Ulikuwa mstari wa utomvu wa mgunga, wa njano, umekauka. Bahasha ilikuwa imechanwa kwa wembe, taratibu sana, kisha imebandikwa tena.

"Nani aliifungua?" niliuliza.

"Mimi," alisema Shamsa.

Mwaka ule alikuwa darasa la sita. Wote walisema Tarbaj hakuna wa kusoma, na hakuna aliyemkumbuka mtoto wa kike anayechunga mbuzi wakati wa likizo. Baba yake alimfuata machungani siku ileile barua ilipofika, akampa wembe. Alimsomea mara tatu, akigeuza neno baada ya neno. "Mara ya kwanza nilipofika pale pa miguuni," alisema, "Aabo alinisimamisha. Akasema Salat hawezi kusema hivyo. Nikamwambia Aabo, imeandikwa. Akakaa chini ya jua, akalia mpaka mbuzi wakatawanyika. Kisha akasema, nikienda kama mtu aliyeombwa, watu watamwona kaka yangu miguuni pangu. Nikienda kama mtu aliyechokozwa, tutakuwa sawasawa. Akaiangalia ile picha akacheka. Akanituma nilete utomvu." Aliapishwa asiseme maadamu baba yake yu hai, na hakusema.

Nje walikuwa wakisoma dua. Nilimwambia Shamsa jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwamba maneno yale ya miguuni hayakuwa ya Salat. Yalikuwa yangu, niliyatia kwa sababu yalipendeza. Nilidhani nimemvunjia kitu, siku ya tatu tu baada ya kumzika baba yake.

"Lakini Adeer Salat alilala chini," alisema.

"Alilala," nilimwambia. "Hakuna aliyemwambia. Nilikuwapo."

Akaniambia niichukue bahasha, ni mwandiko wangu, kwa hiyo ni yangu. Niliirudisha kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye mfuko, nikafunga mafundo matatu kama nilivyoyakuta, nikaiweka mikononi mwake.

"Kaa nayo," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyeisoma."